Mizani ya Mwanafunzi
Ewe kijana ukaaye Mowlem, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, pima neno hili. Toka mwaka 1985 hata 2023, miaka minane ya shule ya msingi nchini Kenya ilipimwa kwa mtihani mmoja wa KCPE, katika siku chache tu. Aliyeugua juma lile aliweza kuhesabiwa mjinga. Huo haukuwa uadilifu. Mkulima hangoji mavuno ndipo apalilie. Na mwalimu asiyepima mpaka mwisho hugundua kosa wakati wa kulisahihisha umekwisha pita.

Leo mizani ni kadhaa: mtihani wa Gredi ya 6 una 20 kwa mia, kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zina 20, na mtihani wa Gredi ya 9 una 60. Wako wasemao kwamba kazi za shuleni hufungua mlango wa upendeleo. Hofu yao ina haki. Lakini mizani mbovu hurekebishwa, haivunjwi. Basi usiombe alama usiyoistahili. Kila alama ya bure ni hoja mikononi mwa wale watakao kukurudisha kwenye mtihani mmoja.