Tuiache Kompyuta Ikatizwe

Sote tumelelewa tukiambiwa kwamba kumkatiza mkubwa anaponena ni utovu wa adabu. Silipingi hilo. Lakini kompyuta ndogo inayoendesha mashine ikikataa kukatizwa, hatari imo njiani. Nasi wanafunzi wengi tunajifunza kuiziba masikio!

Mwanafunzi akipata kibao cha Arduino Uno R3, kwanza hufunzwa kuwasha taa, kuamuru "subiri", kisha kuizima. Kwa taa, hakuna neno. Sasa tuseme programu hiyo inaendesha pampu ya maji: washa pampu, subiri dakika 10, ndipo utazame kama tangi limejaa. Je, likijaa dakika ya 3? Jamani, maji yatamwagika dakika 7 nzima huku programu imelala! Na kuna wenzetu wanaotembea mbali wakitafuta mtungi mmoja tu.

Dawa imo ndani ya kibao chenyewe. Prosesa yake, ATmega328P, huenda kwa mapigo 16,000,000 kila sekunde. Ina taima 3 zinazohesabu zenyewe programu ikiendelea na shughuli zake. Taima 1 huweza kuhesabu kutoka 0 hadi 65,535. Gawanya mapigo kwa 256, utapata 62,500 kwa sekunde. Basi iagize taima ifikapo 62,499 (kwa kuwa huanzia sifuri) itoe intarapti, yaani mwito wa kukatiza, kisha ianze upya. Kila sekunde prosesa itaacha kazi iliyo mkononi, iitikie mwito, na kurudi pale pale ilipoachia. Swichi ya boya la tangi nayo iunganishwe na pini ya 2 au ya 3. Boya likipanda tu, pampu izimwe papo hapo.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni magumu mno kwa wanaoanza. Kweli, yana masharti: kazi ya mwito iwe fupi, maana ikirefuka miito mingine itangoja mlangoni. Lakini hata karani hodari hujibu simu kwa ufupi, akarudi kwenye daftari lake. Ugumu uko wapi?

Shime, wenzangu wa chama cha kompyuta! "Subiri" tuiachie taa. Penye maji, moto au mashine, tufunzane taima na intarapti mapema. Subira huvuta heri, lakini si kwa pampu.