Laptopu ya mtumba imezima: umlipe fundi?

Juma hili nina barua ya mama mmoja wa Kisiwa cha Rusinga, muuzaji wa omena. Bintiye alipopata nafasi chuoni, mama alijikaza akamnunulia laptopu, au kipakatalishi kama wasemavyo walimu wetu wa Kiswahili, kwa shilingi 22,000 katika duka moja la Nairobi. Ilikuwa imetumika Ulaya. Waranti ilikuwa ya miezi mitatu. Mwezi wa nne ikazima. Fundi wa Mbita, ng'ambo ya daraja, anataka shilingi 9,000. Pesa hizo ndizo mama aliziweka za kumvusha Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa. Anauliza: azitoe, au ni kuzitupa ziwani?

Mama, kabla fundi hajagusa skrubu hata moja, mpigie simu muuzaji. Mashine ikishafunguliwa atapata sababu ya kukukana. Akisema waranti imekwisha, mwambie hilo si neno la mwisho. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humhesabu muuzaji kuwa amedhamini ubora wa kuridhisha wa anachouza, hata kama hakutamka. Ni kweli kwamba kitu kilichotumika hakipimwi kama kipya, na kama uliona kasoro dukani ukanyamaza, usitarajie mengi. Lakini risiti unayo, na ulimweleza ni ya mtoto wa chuo. Iko pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo husikiza madai hadi shilingi milioni moja, na hulazimiki kuwa na wakili. Hata hivyo, nauli ya Nairobi kwenda na kurudi, mara mbili tatu, itaila laptopu yenyewe. Mimi ningeitumia sheria kwenye simu kwanza, niombe angalau anichangie vipuri.

Akikataa kabisa, rudi kwa fundi, umwulize: 9,000 ni za nini? Kusema "imeungua" si jibu. Ajaribu chaja nyingine mbele yako. Atazame pale chaja inapochomekwa. Pakilegea, mashine huonekana maiti kumbe ni nzima. Na Rusinga ina mambo yake: wale wadudu wa ziwani wafuatao taa jioni huweza kuingia kwenye feni pamoja na vumbi, joto likapanda, mashine ikajizima. Dawa yake ni brashi na subira, si 9,000!

Betri, kibodi na diski ni vipuri tu, hutolewa vikatiwa vingine. Betri nyingi za laptopu huchoka baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500, na iliyofanya kazi ya ofisi miaka kadhaa hukufikia tayari ni mzee. Kulipia vitu hivi si hasara.

Penye hatari ni madabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu. Baadhi ya mafundi huupasha moto, mashine ikaamka, nyumba nzima ikashangilia, na baada ya wiki chache ikalala tena. Kama ugonjwa ni huo, fundi aandike kwenye karatasi atakachofanya, bei yake yote, na kwa muda gani atairudia bure ikizima. Asiyetaka kuandika, chukua mashine yako uende.

Tena zile 22,000 usizitie kwenye hesabu, zimekwenda. Ulizia mashine kama hiyo, ikiwa nzima, inauzwa ngapi leo. Matengenezo yakizidi nusu ya bei hiyo, mimi ningeacha. Uliza pia umri wake. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya 2017 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Iliyo hivyo inaweza kuwekewa Linux bila malipo, na itaandika kazi za chuo vizuri tu, lakini sidhani inastahili 9,000.

Jambo moja binti alisimamie mwenyewe. Kama diski yatoka, na kwa nyingi hutoka, itolewe kabla mashine haijalala kwa fundi. Kazi zake za muhula mzima zimo humo, na zinaweza kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Aifunge kwenye kitambaa kikavu, avuke nayo daraja kurudi nyumbani.