Baba, Ni Jina Tu



Juma lililopita nilikwenda Tandale kumjulia hali mzee mmoja ambaye tumefahamiana tangu ujana wetu. Nilimkuta barazani, miwani puani na kalamu mkononi, akiitazama karatasi kama mtu aliyeletewa barua ya posa asiyoitarajia. Karatasi ile ilikuwa fomu ya maombi ya bima ya gari. Gari lenyewe halikuwapo pale, kwa kuwa vichochoro vya mtaa wao havipitishi gari; lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, chini ya uangalizi wa mlinzi wa duka.

Gari hilo ni Toyota Altezza, na mwenyewe ni kijana wa mzee huyo, mwenye umri wa miaka 22 na leseni isiyotimiza hata mwaka mmoja. Kwa wasomaji wa rika langu yafaa nieleze kidogo. Altezza lilianza kutengenezwa Japani mwaka 1998 na likaachwa mwaka 2005. Kwa umbo ni gari dogo la heshima, lakini tabia yake ni ya gari la mashindano: injini yake ni ya lita mbili, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma, na lile lenye nguvu zaidi hukaribia nguvu za farasi 210. Vijana wetu hulipenda kwa mngurumo wake na kwa jinsi lilivyoinama karibu na ardhi. Wengi huliagiza au kulinunua likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na fedha zenyewe mara nyingi ni za ukoo mzima: mama katoa za kikoba, shangazi kauza kiwanja, kaka kakopa kazini.

Mzee wangu huyu aliendesha malori miaka mingi, akastaafu bila kumwaga damu ya mtu barabarani. Sasa nuru ya macho imepungua, naye haendeshi tena. Lakini kijana, kwa ushauri wa wenzake wa kijiweni, alimwomba baba yake ajaze fomu kana kwamba yeye mzee ndiye mwenye gari na ndiye dereva wake wa kila siku, ili kampuni ya bima isiutazame ujana wa mtoto. Alipoona baba anasita, alimwambia, "Baba, ni jina tu." Mzee akanigeukia: "Ndugu yangu, wewe umezoea mambo ya karatasi. Nitie saini?"

Swali hilo, ndugu msomaji, ndilo lililonifanya nishike kalamu leo, kwa maana najua linaulizwa katika baraza nyingi.

Sisi tuliokua katika enzi za Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963 na kuachiwa kazi ya bima peke yake baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tulizoea kuiona bima kama stika ya kumwonyesha askari. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na leo zote husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Hata hivyo mazoea yale hayajatutoka. Bado tunanunua stika, hatununui bima.

Kuna bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ndiyo inayolazimishwa na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, nayo haikuwekwa kwa faida ya mwenye gari. Imewekwa kwa ajili ya yule atakayegongwa: mama muuza ndizi, mtoto atokaye shuleni, mwendesha bodaboda. Bei yake hutazama aina ya chombo na matumizi yake, haiulizi dereva ana umri gani. Kwa hiyo kijana na mzee hulipa sawasawa, na hapo kijana hudhani kwamba mambo yamekwisha. Lakini gari lake likipinduka, likiibwa, likiungua, au Mto Ng'ombe ukifurika usiku na kulijaza maji hadi kwenye viti, bima ndogo haimpi hata senti moja. Wakazi wa Tandale hawahitaji kukumbushwa habari za mafuriko.

Bima kubwa hulilinda gari lenyewe pia, na bei yake hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuchukue mfano: gari la shilingi 15,000,000, likitozwa asilimia 3.5, litahitaji shilingi 525,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Hapa sasa ndipo umri unapoulizwa. Mikataba mingi ya bima kubwa husema kwamba ikiwa dereva aliyekuwa kwenye usukani ni kijana chini ya umri uliotajwa, au leseni yake ni mpya, mwenye gari atajitwisha sehemu kubwa zaidi ya hasara kabla kampuni haijatoa chochote.

Je, huku ni kuwaonea vijana? Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuwaua watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kampuni ya bima haimchukii kijana. Inapiga hesabu ambayo sisi wazazi hatupendi kuipiga.

Na fomu ile haiishii kwenye umri. Huuliza nani ataliendesha gari, litalala wapi, na litatumika kwa kazi gani. Nilipomdadisi kijana, alikiri kwamba anakusudia kubeba abiria usiku kwa kuitwa kwa simu, ilhali gari lina namba za njano za gari binafsi na fomu imeandikwa matumizi ya binafsi. Kwa hiyo karatasi moja ingebeba uongo wa aina tatu: wa dereva, wa maegesho na wa kazi ya gari.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli yote, hata ile usiyoulizwa vizuri. Siku ya hasara ndipo kampuni husoma fomu neno kwa neno. Huchukua taarifa ya polisi na kuona kwamba aliyekuwa akiendesha saa nane za usiku, na abiria wawili nyuma, hakuwa mzee aliyeandikwa. Hapo madai ya gari hukataliwa. Sheria humlinda mtu aliyeumizwa, lakini kampuni iliyodanganywa huweza kwenda mahakamani kujivua mkataba, au kumgeukia aliyeidanganya ili arudishe ilicholipa. Na aliyedanganya ni nani? Ni yule aliyetia saini. Huko Uingereza, ambako vijana hutozwa bima ghali mno, mzazi anayejiandika dereva mkuu badala ya mtoto wake huhesabiwa kuwa amefanya udanganyifu. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla ya kutoa fedha za gari la mtoto, ulizia bima yake kwanza. Ikiwa bima halali inawashinda, basi gari hilo limewashinda; tafuteni la unyonge zaidi. Andikeni jina la dereva wa kweli na kazi ya kweli. Ulizeni kama mafuriko yamo katika mkataba. Hakikisheni stika kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRA, kwa maana stika za bandia zimewahi kuwaliza watu. Ajali ikitokea, toeni taarifa polisi na kwa kampuni bila kuchelewa. Mkiona mmedhulumiwa, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nilimweleza mzee haya yote, kijana naye akiwa amesimama mlangoni. Mzee alivua miwani, akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Hili unaloliita jina tu, nimelilinda tangu kabla hujazaliwa." Kisha akamsogezea fomu mpya na kalamu.

Kijana alinuna. Hakuamkia nilipokuwa nikiondoka, jambo ambalo si desturi yake. Lakini nilipogeuka kwenye kona ya kichochoro nilimwona ameketi mahali pa baba yake barazani, ameinama, anaandika.