Nani Aliyemweka Pale?

Watazamaji wa michezo wana ada moja: jicho lao huufuata mpira, na lawama yao humwangukia aliyekuwa karibu nao mwisho. Barazani kwetu mwenye makosa daima ni golikipa, hata kama mabeki wake walisimama kama minazi. Nilidhani haya ni yetu sisi na kandanda, hata juzi mpwa wangu aliponionyesha katika simu yake mchezo wa Wamarekani, besiboli, uliochezwa New York tarehe 25 Oktoba 1986.

Boston Red Sox walikuwa wakipambana na New York Mets. Boston hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1918, na usiku ule lau wangeshinda wangeutwaa. Katika zamu ya kumi waliongoza 5 kwa 3. Wapigaji wawili wa Mets wameshatolewa, amebaki mmoja tu. Hapo ndipo mambo yalipokwenda kombo. Mets wakapiga mipira mitatu mfululizo, wote wakasalimika, ikawa 5 kwa 4. Mrushaji akabadilishwa, akaingia Bob Stanley, naye akarusha mpira uliompita mdakaji, ikawa 5 kwa 5. Kisha Mookie Wilson akapiga mpira mnyonge, wa kutambaa chini, ukamwendea Bill Buckner, mlinzi wa kituo cha kwanza. Buckner akainama, mpira ukapita baina ya miguu yake. Mets 6, Boston 5.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Mpira ulipomfikia Buckner, Boston walikuwa wameshapokonywa uongozi wao. Angeudaka, mchezo ungeendelea tu hali wako sare. Tena ulibaki mchezo wa saba, na huo nao wakashindwa, 8 kwa 5. Lakini jina lililobaki vinywani mwa watu miaka na miaka ni la Buckner.

Mimi siulizi kwa nini hakuinama vyema. Nauliza, nani aliyemweka pale? Alikuwa na miaka 36, na vifundo vya miguu vilivyomtesa muda mrefu. Katika michezo mitatu waliyoshinda Boston kabla ya usiku ule, kocha John McNamara alimpumzisha mwishoni, akamwingiza Dave Stapleton alinde mahali pake. Usiku ule hakumtoa. Wako wasemao alitaka Buckner awemo uwanjani wakati wa kushangilia. McNamara mwenyewe alikana, akisema huyo ndiye mlinzi bora aliyekuwa naye. Haya, shauri yake. Ila mtazamaji mwenye insafu humwanza aliyepanga watu, ndipo amfikie aliyepangwa.

Na huyu waliyemwita hajui kulinda, mwaka 1985 aliwasaidia wenzake kuwatoa wapinzani mara 184, idadi ambayo hakuna mlinzi wa kituo chake aliyepata kuifikia kabla yake katika msimu mmoja. Nani barazani aliyelikumbuka hilo?

Tarehe 8 Aprili 2008 Boston walimwita arushe mpira wa kufungulia michezo ya nyumbani. Uwanja mzima ukasimama, ukampigia makofi, naye akifuta machozi. Baadaye alisema kuwa aliolazimika kuwasamehe moyoni mwake si hasa watazamaji, bali ni watu wa habari.

Niliposikia hayo nilimrudishia mpwa wangu simu yake. Zamani, nikiwa kijana na kalamu moto, nilimtungia golikipa mmoja wa hapa kwetu beti mbili za kejeli. Zikachapwa gazetini, na watoto wakaziimba mlangoni kwake. Beki aliyeuacha mpira sikumtaja, maana jina lake halikuingia katika vina.

Buckner alifariki mwaka 2019. Golikipa wetu yu hai, anauza samaki sokoni. Mimi hununua kwa mwengine.