Kujifunza Kuota Huku Unajua: Kalamu na Daftari Vyatosha

Mara kwa mara vijana wapenzi wa teknolojia huniuliza: ni programu gani nzuri ya simu ya kumsaidia mtu aote huku akijua kwamba anaota? Jibu langu ni fupi. Hakuna unayoihitaji. Nunua daftari dogo, tafuta kalamu, na simu uiache sebuleni.

Najua jibu hili ni la ajabu likitoka kwa mtu anayepata ugali wake kwa kutunga programu. Lakini nisikilize kwanza.

Tuanze kwa kuelewana tunazungumzia nini. Kuna ndoto ambayo katikati yake unang'amua, "Ala! Kumbe ninaota!" lakini huamki. Unaendelea kuota akili ikiwa imefunguka, na wakati mwingine unaweza kuamua utakalo: kupaa angani, au kugeuka na kumuuliza yule anayekukimbiza anataka nini. Nitaziita ndoto za kujitambua. Mholanzi Frederik van Eeden, aliyekuwa daktari wa akili na mwandishi, aliziandikia makala mwaka 1913 na kuzipa jina linalotumika hadi leo.

Je, ni uchawi? La hasha. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kwamba kuna kipindi cha usingizi ambapo macho huchezacheza chini ya kope, na hapo ndipo ndoto nyingi kali hutokea. Wakati huo misuli ya mwili hulegea kabisa, isipokuwa michache kama ya macho na ya kupumulia. Mwingereza Keith Hearne aliona mwanya hapo. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Alan Worsley alilala huku amefungwa nyaya, na alipotambua kwamba anaota akayasogeza macho kushoto na kulia kama walivyokubaliana. Ishara ikaandikwa na mashine. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford alifanya jambo lile lile bila kujua kazi ya Hearne.

Mwaka 2021 watafiti kutoka Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walipiga hatua nyingine. Waliwauliza maswali watu waliokuwa wakiota. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu kwa macho: mbili! Si kila mara walijibiwa, maana majibu sahihi yalikuwa chini ya moja kati ya matano. Hata hivyo, hebu fikiria. Mashine tuliyodhani imezimwa kumbe inapokea ujumbe na kuujibu.

Sasa, unajifunzaje? Mbinu zenyewe ni za kizamani na ni za bure.

Kwanza, andika ndoto zako. Kila ukiamka, kabla hujatikisika sana, kumbuka uliota nini na ukiandike daftarini. Mtunzi wa programu atanielewa: huwezi kurekebisha mfumo usioweka kumbukumbu. Baada ya wiki mbili tatu utaona mambo yanayojirudia, labda shule yako ya zamani, labda matatu isiyofika mwisho wa safari. Hizo ndizo alama zako.

Pili, jipime mchana. Soma maandishi ubavuni mwa matatu, tazama pembeni, kisha yasome tena. Ndotoni maandishi mara nyingi hubadilika. Lakini usifanye kama kasuku. Jiulize kwa dhati: je, hivi sasa ninaota?

Tatu, tumia saa za alfajiri. Vipindi vya macho kuchezacheza hurudi takriban kila dakika 90, na hurefuka kadiri kunavyokaribia kupambazuka. Ukilala saa nne usiku, amka saa tisa, kaa dakika chache, kumbuka ndoto uliyotoka kuota, kisha urudi kulala ukijiambia, "Nikiota tena, nitakumbuka kwamba ninaota." Mbinu hii ya kutia nia ni ya LaBerge.

Inafanya kazi? Utafiti wa Denholm Aspy wa Australia, uliochapishwa mwaka 2017, uliwapa watu mbinu za kujipima, kuamka na kutia nia kwa pamoja. Walipata ndoto za kujitambua katika takriban asilimia 17 ya majaribio yao. Waliorudi usingizini ndani ya dakika tano baada ya kutia nia walifikia asilimia 46. Kwa hiyo kinachosaidia ni kulala upesi, wala si kuhangaika. Na ni nini kinachomchelewesha mtu kulala saa tisa za usiku kuliko ule mwanga wa simu na zile jumbe ambazo hazijasomwa?

Sikatai kwamba vifaa vipo na vingine vina mantiki. LaBerge mwenyewe alitengeneza kinyago cha macho chenye taa nyekundu zinazomulika wakati wa ndoto. Lakini taa haikufanyi utambue. Inakukumbusha tu, na asiyejizoeza huikuta ndotoni imekuwa taa ya gari la polisi! Kuna pia dawa ya galantamini, inayotumika kwa wagonjwa wa kusahau. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba iliongeza ndoto hizi. Ni dawa ya hospitali hiyo, ndugu yangu, si peremende.

Sababu yangu kubwa ni hii. Usingizi ndio mahali pa mwisho ambapo hakuna anayetuuzia kitu. Mwaka 2021 kampuni ya bia ya Coors ya Marekani iliandaa filamu na sauti za kutazamwa kabla ya kulala, ili watu waote kinywaji chake. Watafiti kadhaa wa usingizi waliandika barua ya wazi kupinga matangazo ya aina hiyo. Mimi niko upande wao. Sisi tunaotunga programu tunajua zinavyokusanya kila kitu zinachoweza kukusanya. Daftari halitumi ndoto zako kwa seva ya mtu.

Tahadhari mbili. Ukiamka katikati ya ndoto na mwili ukakataa kusogea, lile ndilo jinamizi. Linatisha lakini hupita; pumua polepole. Na kama usingizi wako ni wa shida, au una ugonjwa unaokuchanganyia ndoto na mambo halisi, mchezo huu uache. Hata aliye mzima asijiamshe kila usiku. Mara moja au mbili kwa wiki, siku ambayo kesho yake huna kazi, inatosha.

Ukikosa mwezi wa kwanza, usikate tamaa. Utakuwa umepata daftari lililojaa hadithi zako mwenyewe, na usiku usio na simu kitandani. Hasara iko wapi hapo?

Haya, alamsiki.