Malaria kupanda kichwani: Kwa nini picha za ubongo pekee hazitoshi

Wazazi wa Ukata, Mbamba Bay na mwambao mzima wa Ziwa Nyasa wanaijua malaria "iliyopanda kichwani". Mtoto anapata degedege, anapoteza fahamu, na wengine hawazinduki tena. Nini hasa kinawaua? Wanasayansi walibishana kwa miaka.

Jibu zito lilitoka ng'ambo ya ziwa. Mwaka 2015, watafiti waliofanya kazi Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, walitoa matokeo ya vipimo vya MRI kwa watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao walikutwa na ubongo uliovimba sana walipolazwa. Kati ya 143 walionusurika, wenye uvimbe huo walikuwa 39.

Mbona matibabu hayakubadilika?

Haraka haraka mtu atasema: wapewe dawa ya kupunguza uvimbe. Tatizo ni kwamba dawa hiyo, mannitol, ilishajaribiwa Mulago, Kampala, kwa watoto 156. Matokeo ya 2007 hayakuonyesha nafuu.

Kule Rourkela, India, watu wazima 126 walipigwa CT scan na 80 wakakutwa na uvimbe. Lakini uvimbe wao haukuhusiana na vifo, na waliopewa mannitol walichelewa kuzinduka. Hiyo ilikuwa 2011.

Maana yake ni kwamba picha ya Blantyre inasema kitu kuhusu watoto wa Blantyre. Ili iwe tiba ya mtoto wa Mbinga, lazima irudiwe kwingine na dawa yenyewe ipimwe.

Si Afrika tu

Mwaka 2020, timu 70 za watafiti kutoka nchi mbalimbali zilipewa picha zile zile za watu 108, zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi. Zilitakiwa kujibu maswali 9. Hakuna timu mbili zilizochambua kwa njia moja, na kwa baadhi ya maswali majibu yalipishana sana. Data moja, majibu tofauti.

Kilichorudiwa kikakubalika

Linganisha na sindano ya artesunate. Mwaka 2005 ilipunguza vifo vya malaria kali kuliko kwinini huko Asia, wengi wa wagonjwa wakiwa watu wazima. Haikuishia hapo. Ikajaribiwa tena kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Matokeo ya 2010: vifo vilipungua kwa asilimia 22.5. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto pia.

Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari kuhusu "ugunduzi" wa picha za ubongo, uliza: ni wagonjwa wangapi, na nani amerudia?

Kwa mzazi, hakuna cha kusubiri MRI. Mtoto mwenye homa akipata degedege au akishindwa kunyonya, mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo.