TAHARIRI: Chakula cha Juma Kipangwe Kabla ya Kwenda Gulioni



Jumamosi gulio linajaa. Nyama inachomwa, vitenge vinapepea, na jioni wako wanaorudi nyumbani wakiimba. Ikifika Jumatano asubuhi, mtoto anatumwa dukani na bakuli: "Mama anasema umpe unga nusu kilo, uandike." Sisi wa gazeti hili la ukutani tunaandikia kurasa hizi pale pale barazani pa duka, kwa hiyo haya hatukusimuliwa. Wala hatumsemi mtu. Hata baadhi yetu sisi waandishi majina yetu yamo katika daftari la mikopo, tena si mara moja.

Daftari hilo ndilo linalotufanya tuandike juma hili. Karani alituonyesha kurasa zake huku ameziba majina kwa kiganja, na kurasa zimejaa mpaka pembeni. Fedha iliyo ndani ya daftari haiwezi kwenda mjini kununua mali. Ndiyo maana mwezi uliopita duka letu lilikaa siku tisa bila sukari wala sabuni, na maneno yakazagaa kijijini kwamba viongozi wamekula. Jamani, hawakula. Tumekula wenyewe, kidogo kidogo, kwa mabakuli.

Jumapili hii baada ya saa nane Mkutano wa wanachama utaulizwa swali moja: mkopo wa chakula ufungwe au usifungwe? Wapo wanaotaka ufungwe kabisa. Tunaelewa hasira yao, maana wao wanalipa taslimu na bado wanakuta rafu tupu. Lakini ukifungwa kesho asubuhi, watakaoumia kwanza ni watoto waliotumwa na bakuli, ambao hawajawahi kukopa kitu. Sisi tunasema mkopo ubaki kwa nyumba yenye ugonjwa au msiba, na nyumba nyingine zote zianze kupanga chakula cha juma zima kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua nyumba ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne. Wakila uji asubuhi na ugali mchana au jioni, tuseme wanatumia kilo 2 za unga wa dona kwa siku. Kwa juma ni kilo 14. Kwa mwaka wenye majuma 52 ni kilo 728, yaani magunia saba ya kilo 100 na kitu juu. Anayekoboa sembe aongeze, maana pumba zinaondoka na kilo zinapungua. Sasa Bwana mmoja (hatumtaji, atajijua) anavuna magunia kumi mwezi wa Juni. Anauza sita haraka haraka kwa mfanyabiashara aliyekuja na lori, tena kwa lumbesa, ile ambayo sheria ya vipimo inaikataza lakini sisi wenyewe tunaishindilia kwa miguu. Yanabaki manne. Gawanya kilo 400 kwa 14: majuma 28. Akianza kula mwanzoni mwa Julai, katikati ya Januari ghala ni tupu, na mahindi ya shambani bado hayajabeba. Hapo ndipo bei ya mahindi huwa juu. Yule yule aliyeuza bei ya chini anakwenda kununua bei ya juu, kwa kilo moja moja. Halafu anasema mwaka ulikuwa mbaya!

Na hayo manne yaliyobaki yahifadhiwe sawasawa. Wazee wanamkumbuka dumuzi alipoonekana mkoa wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakampa jina la Scania. Hajaondoka. Mahindi yakaushwe kwanza. Weka punje kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa; chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, bado yana maji, rudisha juani.

Turudi kwenye juma. Tunashauri Ijumaa jioni, kabla ya gulio, baba na mama wakae pamoja. Tunajua hapa ndipo penye kazi. Baba akiuza debe hasemi amepata kiasi gani, na mama akiuza mayai naye anafunga senti zake kwenye ncha ya kanga na kunyamaza. Kila mmoja ananunua kwa siri, mwisho nyumba ina vibiriti vitano na haina chumvi. Wekeni fedha mezani, hata kama ni kidogo. Waulizeni na watoto wakubwa, maana wao ndio wanaojua kopo la mafuta limebaki kiasi gani.

Anzeni na kilichopo nyumbani, siyo na kinachouzwa. Mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga havihitaji fedha kwa mwenye bustani nyuma ya jiko. Siku tatu za maharage, mbili za dagaa, moja ya mboga za majani zilizotiwa karanga, na moja ya nyama au samaki mbichi kama uwezo upo. Nyama iliwe siku ile ile ya gulio, maana haitakungoja. Dagaa na maharage vitakaa. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe. Yanaiva upesi na kuni zinabaki, na anayebeba kuni anajua tunachosema. Chumvi iwe ile yenye madini joto, na ifunikwe. Mayai yasiuzwe yote ili kununua soda na biskuti za watoto. Jambo hili linatukera sana: mtoto ananyang'anywa yai mkononi anapewa maji matamu ya rangi, na mzazi anaona amemdekeza.

Kuhusu mafuta ya kupima, fanyeni jaribio wenyewe. Tafuteni chupa tupu ya lita moja. Kila mnaponunua kipimo, mimineni humo kwanza na andikeni bei ukutani kwa mkaa. Ikijaa, jumlisheni, kisha muulize karani bei ya lita nzima. Hatutaandika hapa jibu, kila nyumba italiona lake.

Wako watakaosema: "Nyie mnawaambia maskini wapange kitu gani? Fedha yenyewe inapatikana siku kwa siku." Neno hili lina ukweli, na hatutaki kulipita kama halikusemwa. Anayefanya kibarua na kulipwa jioni hawezi kununua kilo 14 siku moja. Lakini nyumba kumi za namna hiyo zikichanga kila jioni kwa balozi wao au kwa mtu wanayemwamini, Jumamosi wanaweza kununua gunia moja na kugawana kwa mizani ya ushirika, mbele ya macho ya wote. Wazee wetu walikaa vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai mwaka 1975, wakajadili mambo haya haya ya mlo. Siku hizi simu ziko kila nyumba, na vocha hatukopi, tunanunua.

Halmashauri nayo isidhani imepona. Mizani ya duka ina kutu na haijakaguliwa muda mrefu, na watu wameanza kuinong'ona. Mkiwataka wanachama wanunue kwa pamoja, mizani ikaguliwe kwanza. Tuliandika hivyo katika toleo la mwezi uliopita, karatasi ikachanwa usiku. Tumeandika tena.

Kwa wanaotaka kuanza: karani atapokea majina ya vikundi vya nyumba kumi hadi Alhamisi jioni, kwa ajili ya gunia moja la maharage na dumu moja la mafuta. Fedha ilipwe kwanza, na kila mtu apewe stakabadhi. Mje na vyombo vyenu. Mwenye kalamu ya wino isiyotumika tunaiomba, hii yetu imekwisha.